Njia ya Masaka: mitishamba kutoka Owino hadi Bukomansimbi

Soko la St. Balikuddembe, ambalo Kampala nzima bado inaliita Owino, ndipo pa kuanzia ukitaka kujua mitishamba ya Buganda. Mimea imeshakatwa, kwa hiyo unaona mara moja ni sehemu gani inayotafutwa: majani mafungu mafungu, mizizi imefungwa kwa kamba za mgomba, magome yamejaa magunia. Safari yangu ilifuata magome.

Gome la abasi (Warburgia ugandensis) linajulikana kwa ulimi. Kipande cha ukubwa wa ukucha kinawasha na ukali wake hubaki kooni muda mrefu. Watu hulitafuna kwa kikohozi na kwa jino linalouma. Pembeni yake kulikuwa na gome la Prunus africana, dawa ya wazee wenye shida ya tezi dume, ambalo likiwa bichi ukilivunja hunukia lozi chungu. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa tangu 1995 na CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, maana miti mingi iliuawa kwa ajili yake. Nilimwuliza mama muuzaji kama mti uliotoa gunia lile bado umesimama.

"Mimi nanunua gunia, ssebo. Mti siuoni."

Na hilo ndilo tatizo. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenye mizizi kupitia gome la ndani. Ukilivua mzunguko mzima na kukwaruza mbao, mizizi inakosa chakula na mti unakufa polepole, mvunaji akiwa ameshaondoka zamani. Kanuni iliyotumika Kameruni kwa Prunus ni kuchukua robo mbili zinazotazamana, kwenye mti wenye kipenyo cha sentimita 30 au zaidi, na kuziacha robo nyingine mbili mpaka zilizovuliwa zifunike tena. Mwenye haraka hafuati.

Emmumbwa nazo zinauzwa hapo hapo: udongo wa mfinyanzi uliokandwa na mitishamba iliyotwangwa, ukafanywa vijiti na kuanikwa. Mjamzito husugua kijiti kwenye jiwe lenye maji kidogo, akanywa tope lake. Sizipendi. Kijiti kikishakauka huwezi kujua ndani mna majani gani, na baadhi ya mitishamba hukaza tumbo la uzazi kabla ya wakati. Udongo wenyewe pia unaweza kuwa na madini ya risasi.

Ukitoka Kampala kuelekea Mpigi, dawa nyingi zipo shambani, na ni za majani, ambayo huchipua tena. Ssere (Bidens pilosa), yule mwenye mbegu zinazong'ang'ania suruali, na makaayi (Aspilia africana) mwenye maua ya njano, wote hufikichwa mkononi na kubandikwa kwenye jeraha bichi ili damu ikome. Kinachoharibu dawa hii ni uvivu tu: majani yasiyooshwa hupeleka udongo kwenye kidonda, na kidonda kirefu kinahitaji sindano ya pepopunda, si ssere. Mululuza (Vernonia amygdalina) hukandwa kwenye maji baridi, konzi moja ya majani mabichi kwa kikombe, yakachujwa. Uchungu wake hausahauliki. Ni wa homa, lakini homa lazima ipimwe kwanza. Malaria ya mtoto haisubiri majani. Mujaaja wa chai (Ocimum gratissimum) ni rahisi kuliko yote: tia majani mawili matatu baada ya kuepua sufuria, kwani ukiyachemsha harufu yote inaondoka na mvuke.

Kwenye uzio karibu na Kayabwe, pale Ikweta inapokatiza barabara, bbombo (Momordica foetida) ilikuwa imetambaa juu ya miti, matunda yake ya rangi ya machungwa yamepasuka na kuonyesha mbegu nyekundu. Jani lake linanuka vibaya ukilifinya. Hata hivyo Ssalongo na Nnalongo, wazazi wa pacha, huivaa katika sherehe za watoto wao, na pamoja nayo hutumika olweza (Aerva lanata), mmea mdogo wa maua meupe kama pamba. Olweza huingia pia katika ekyogero, maji ya mitishamba ya kumwogeshea mtoto mchanga ili awe na bahati. Maji hayo yachemshwe vizuri, yapoe, yasinyweshwe mtoto, na kitovu kiwe kimeshaanguka.

Bukomansimbi, upande wa pili wa Masaka, ndiko gome linakovuliwa kwa akili. Mutuba (Ficus natalensis) huchanua ndani ya tini zake, kwa hiyo usihangaike kutafuta maua. Fundi hukwangua gome gumu la nje, akakata mviringo juu karibu na matawi, mwingine chini, kisha mstari mmoja wa wima. Hapo anaweka kisu kando. Gome la ndani hubanduliwa kwa kipande cha mgomba kilichochongwa bapa, kwa kuwa chuma kingekwaruza utando wenye utelezi uliobaki juu ya mbao, na gome jipya huota kwenye utando huo. Ndiyo maana mutuba huvuliwa mzunguko mzima na haufi. Shina hufungwa papo hapo kwa majani ya mgomba lisikaushwe na jua. Kazi ni ya msimu wa mvua. Kiangazi gome hung'ang'ania na kuchanika.

Gome hulainishwa kwa maji ya moto au mvuke, kisha hupigwa juu ya gogo kwa nyundo za mbao, kuanzia ya mifuo mipana hadi ya mifuo myembamba. Hupigwa kibandani, maana likikauka haraka hupasuka. Mwishoni huanikwa juani, na rangi hafifu ikageuka ya tofali. Hii ndiyo lubugo, nguo ya gome, kazi ya ukoo wa Ngonge kwa kabaka, mfalme wa Buganda, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2005, na ndiyo inayofunika maiti hadi leo. Ukinunua, inyanyue mwangani utazame viraka: mshono mzuri si kasoro, tundu lililoachwa ndilo kasoro.

Mutuba una mwenyewe, unasimama katikati ya kahawa na ndizi zake. Abasi nao unaweza kupandwa hivyo. Mbegu zake hazivumilii kukaa, zioteshwe zikiwa mbichi. Na majani yake yanawasha ulimi karibu kama gome, kwa hiyo aliyeupanda anaweza kuchuma majani na kuliacha shina.