Dizeli Ilipokatika Ismani

Mwishoni mwa mwaka 2008, mvua za kwanza zilipokuwa zimekwisha kuanguka, trekta la mjomba wangu lilianza kuzimika shambani. Ismani, iliyo kaskazini ya mji wa Iringa kwenye njia iendayo Dodoma, ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, nao ni haba. Mkulima anayechelewa kupanda huenda akayaona mahindi yake yakinyauka wakati wa kubeba, mvua zikiwa zimekwisha kuondoka. Mjomba alikuwa na ekari zake mwenyewe, tena alikuwa amekwisha kupokea fedha za majirani waliotaka kulimiwa, kwa hiyo kila saa ambayo trekta lilisimama ilikuwa saa ya deni.

Lilikuwa Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1964, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu na pampu ya nozeli ya kampuni ya CAV, yaani pampu inayosukuma dizeli hadi kwenye nozeli zinazoinyunyiza ndani ya silinda. Asubuhi liliwaka bila taabu na kuvuta jembe la sahani kwa nguvu zake zote. Baada ya muda mngurumo ulianza kupanda na kushuka, moshi ukawa mwembamba, kisha likazimika katikati ya mfereji. Likiachwa lipumzike kwa muda wa kuchemsha chai, liliwaka tena na kulima vizuri, mpaka hali ile ile ikarudi. Fundi mmoja aliyeitwa kutoka mjini alilisikiliza, akasema kwamba pampu ya nozeli imekwisha, kwamba ni lazima ifunguliwe na kupelekwa Mbeya, na akataja bei iliyomfanya mjomba akae chini.

Jioni ile mjomba alinituma kwa mzee mmoja wa kijiji cha pili, aliyeendesha matrekta katika mashamba makubwa ya mahindi ya Ismani tangu miaka ya 1960, kabla ya vijiji vya ujamaa. Nilimwamkia, nikaeleza shida yetu. Hakuniuliza lolote kuhusu pampu. Aliniuliza, “Linakata ghafla, mjukuu wangu, au linafifia?”

“Linafifia, mzee.”

“Basi linakufa njaa. Kesho tutaanzia jikoni, tusianzie mdomoni.”

Jiko alilolikusudia lilikuwa tangi. Katika trekta lile dizeli hushuka kutoka tangini, hupita kwenye koki iliyo chini ya tangi, huingia katika pampu ndogo ya kuvuta iliyo ubavuni mwa injini, husukumwa kupitia filta, na hapo tu ndipo hufika kwenye pampu ya nozeli, ambayo huigawa kwa kila silinda kwa wakati wake. Mzee alitaka kuifuata njia hiyo hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja. Naamini hadi leo kwamba hii ndiyo heshima anayostahili mwenye trekta bovu: asitozwe gharama ya kifaa cha mwisho kabla vya mwanzo havijachunguzwa.

Kesho yake alianza na kifuniko cha tangi. Kifuniko hicho kina tundu dogo la kuingiza hewa mahali pa mafuta yanayotoka, na tundu likizibwa na vumbi au udongo wa nyigu, tangi hubaki na mvuto unaoyazuia mafuta kushuka. Alimwagiza mjomba alime huku kifuniko kikiwa kimelegezwa. Trekta lilizimika vile vile, na tundu likaondolewa katika orodha ya washukiwa. Kisha alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa vidole na kukinusa, kwa sababu kiwambo cha pampu ndogo, yaani utando unaovuta na kusukuma mafuta, kikipasuka, dizeli huvuja na kuingia katika oili ya injini, oili ikawa nyepesi na kipimo kikapanda badala ya kushuka. Oili yetu ilikuwa nzito na haikunuka dizeli. Bakuli la filta lilipofunguliwa tulikuta maji yametulia chini ya mafuta, maana maji ni mazito kuliko dizeli, pamoja na utelezi mweusi. Mzee alikunja uso. Alieleza kwamba tangi likilazwa nusu tupu, unyevu wa hewa iliyomo hugeuka kuwa matone wakati wa baridi ya usiku, na kwamba mahali maji na dizeli vinapokutana huota vijidudu vinavyofanya ule utelezi. Pampu ya nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Vipande vyake vimekaribiana kwa nafasi ya sehemu chache tu za elfu za milimita, na maji yakifika humo huleta kutu inayoua kabisa.

Lakini maji yale hayakutosha kueleza kwa nini trekta lizimike, lipumzike, kisha liwake. Ndipo alipofanya kipimo ambacho sijakisahau. Alilifungua bomba la mafuta mahali linapoingia kwenye pampu ndogo, akaweka ndoo chini, akafungua koki na kutuambia tutazame tu. Dizeli ilishuka kwa nguvu, bomba limejaa. Tukaendelea kutazama. Ndoo ikiwa imeanza kujaa, mkondo ulipungua, ukawa uzi, ukawa matone, na tangini mafuta yalikuwa bado tele. Alifunga koki, akangoja kidogo, akaifungua tena, na mafuta yakashuka kwa nguvu kama mwanzo. Ugonjwa wote wa shambani ulikuwa umejirudia mbele yetu, injini ikiwa imezimwa na pampu ya nozeli ikiwa haijaguswa na spana.

Tulimwaga mafuta yote katika pipa na kuifungua koki kutoka chini ya tangi. Chujio lake la waya lilikuwa limepakwa ule utelezi mweusi, na ndani ya tangi kulikuwa na kipande cha mfuko wa nailoni. Dizeli ilikuwa ikiletwa kutoka mjini kwa madumu, na wauzaji walikuwa wakiziba midomo ya madumu kwa nailoni chini ya vifuniko ili yasivuje garini. Kipande kimoja kilichanika na kuzama. Mafuta yakienda, kilivutwa na kulala juu ya chujio lililokuwa limebakiza matundu machache. Mkondo ukisimama, kiliachia na kuelea pembeni.

Kuosha tangi na kubadilisha filta kulikwenda upesi. Kutoa upepo ulioingia katika mabomba ndiko kulikohitaji subira, kwa kuwa dizeli yenye mapovu haiwezi kubanwa hadi kufikia msukumo wa kuifungua nozeli. Mjomba alipopampu kwa wenzo wa mkono aliona hauna nguvu, akadhani pampu ndogo nayo imekufa. Mzee alimwambia aizungushe injini kidogo, kwa sababu kemu, yaani nundu inayozungushwa na injini, ikisimama ikiwa imekisukuma kiwambo, wenzo hubaki hauna safari. Injini ilipozungushwa, wenzo ukakaza. Tukalegeza skrubu ya juu ya filta hadi mapovu yakaisha, kisha skrubu mbili za pampu ya nozeli, na mwisho nati za mabomba kwenye nozeli, mjomba akipiga starta huku mafuta yamefunguliwa yote. Hapo mzee alinisukuma nyuma kwa kiwiko. Dizeli inayotoka kwenye nozeli hupenya ngozi na kuingia mwilini, alisema, na anayechomwa hivyo hukimbizwa hospitali hata kama haoni zaidi ya kitone.

Nati zilipokazwa, silinda moja ilianza, ya pili ikafuata, na ya tatu ikaingia kwa kishindo na moshi mweupe uliotoweka mara. Mjomba alilima mpaka giza likaingia, na majirani walipanda kwa wakati. Tangu hapo dizeli ya nyumbani ilipitishwa kwenye kitambaa safi, pipa liliachwa litulie kabla ya kuchotwa, na tangi lilijazwa kila jioni trekta liliporudi. Trekta liliuzwa mwaka 2014, na pampu yake ya nozeli ilikuwa bado haijafunguliwa.