Besi yangu ilikwaruza Dodoma, nikaiponya bila tupa

Wote niliowauliza kwa nini gitaa langu la besi linakwaruza walinipa jibu moja: pandisha nyuzi. Mwalimu wa kwaya, mpiga solo wetu, na fundi mmoja wa magitaa. Nyuzi zikigonga freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa, zipandishe, basi. Kwa besi yangu ushauri huo haukufaa kitu, na bado unaniudhi kila ninaposikia mtu anaurudia.

Tulihamia Dodoma kikazi mvua zikiishia. Besi ilikuwa safi, vilevile ilivyokuwa Dar. Upepo mkavu wa kiangazi ulipokolea, uzi mnene wa E ukaanza kukwaruza ukipigwa mtupu, bila kubanwa popote, na freti za mwanzomwanzo ndizo zilizozidi. Nikapandisha vikalio vya nyuzi kwenye daraja, pale zinaposhikiliwa kwenye tumbo la gitaa, kama nilivyoelekezwa. Jumapili ile sitaisahau! Kufika pambio la pili mkono wa kushoto umekufa ganzi, nikipita freti ya 12 noti inatoka juu kuliko kinanda, na freti ya kwanza bado inakwaruza. Fundi akashika tupa, anataka kusaga freti. Nikachukua gitaa langu nikaondoka. Freti ikishasagwa hairudi.

Jibu nililipata kwenye kiganja. Nikitelezesha mkono ukingoni mwa shingo, ncha za freti zinakwangua kama msumeno. Dar hazikuwa hivyo. Chuma hakirefuki kwa ukavu, ni mbao iliyosinyaa. Na kama ubao umesinyaa hadi ncha zimechomoza, shingo nayo haiwezi kuwa imebaki ilivyokuwa.

Kuipima hakuhitaji rula, uzi wenyewe unatosha. Nilibana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, mwanangu akapitisha fila juu ya freti ya 7. Fila ni vibati vyembamba vya kupimia nafasi, niliazima kwa fundi pikipiki, ile wanayopimia tapeti za injini. Nilitaka ipite ya milimita 0.3, yaani shingo iwe imejipinda kidogo tu kwa mbele. Kadi ya benki isikudanganye, ina karibu 0.8, nene mno. Kwangu hata ya 0.05 haikupita! Shingo ilikuwa imenyooka kupita kiasi, uzi umelala juu ya freti. Sasa ukipandisha daraja unanyanyua upande wa tumbo la gitaa, na ugonjwa uko upande wa kichwa.

Ndani ya shingo kuna chuma kinachoshindana na mvuto wa nyuzi. Nikakilegeza robo mzunguko, kinyume na saa, kwa spana ya L, nikatyuni, nikaacha besi ilale. Mbao haina haraka, usiihukumu usiku uleule. Kesho yake nikaongeza kidogo, fila ya 0.3 ikapita ikigusa. Vikalio vyote nikavishusha, E ikakaa milimita 2.5 juu ya freti ya 12, kimya kabisa. Nati ya chuma hicho ikigoma usiilazimishe, na spana isiyoingia sawasawa inaila. Ukikuta freti moja tu inakwaruza na jirani zake ziko salama, hapo shingo haina kosa, kwa kawaida freti inayoifuata upande wa tumbo ndiyo imenyanyuka.

Ncha za freti pia sikuzigusa na tupa. Nilichukua kisahani cha sabuni chenye mfuniko, nikakitoboa matundu, ndani nikaweka sponji iliyokamuliwa hadi haidondoshi, kikakaa ndani ya begi karibu na kichwa cha gitaa. Kipima unyevu nilinunua Kariakoo, elfu ishirini na kitu. Mchana chumbani kilikuwa kinasoma chini ya asilimia 40, ndani ya begi kinacheza kati ya 45 na 55, na ncha zimerudi ndani zenyewe.

Nikishuka Dar kukaa likizo ndefu mambo yanageuka. Ubao unanywa unyevu, shingo inajikunja kwa mbele, nyuzi zinapanda bila mtu kuzigusa. Kuna wanaoshauri kuianika besi juani ikauke. Joto hilo linalegeza gundi, usithubutu. Mimi natoa sponji kwenye begi, nakaza robo ileile kwa mwendo wa saa, natyuni, napiga.