Kabla hujaweka pesa kasino ya mtandaoni, angalia inavyotoka

Kuweka pesa kasino ya mtandaoni hakuna ugumu. Unachagua mtandao wako, unaweka kiasi, unaingiza namba ya siri, salio limeshasoma. Hapo hata tovuti ya matapeli haikwami. Mambo hujulikana siku ya kutoa, ndiyo maana ukitaka kujua kama kasino ni salama uanzie huko: nani anamsimamia mwenye nayo, pesa inatoka kwa njia gani, na masharti gani yanaweza kuizuia. Rangi za tovuti, wasanii waliomo kwenye matangazo na idadi ya michezo havikusaidii kitu.

Kwanza leseni. Tanzania msimamizi ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, ya mwaka 2003. Kenya kazi hiyo ilikuwa ya bodi ya kamari iitwayo BCLB tangu 1966, na sheria mpya ya 2025 ikaunda mamlaka nyingine ya kuichukua. Kote kuwili aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Shuka hadi chini kabisa ya ukurasa wa kasino. Pale utafute jina la kampuni yenyewe (si lile jina la kibiashara lililoandikwa kwa herufi kubwa juu), namba ya leseni, na jina la aliyeitoa. Nakili jina la kampuni, kisha fungua tovuti ya Bodi, gamingboard.go.tz, kwa mkono wako mwenyewe na ulitafute kwenye orodha ya wenye leseni. Nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya kasino usiibonyeze wala usiiamini. Ile ni picha, na picha hunakiliwa, na kiungo chake kinaweza kukupeleka kwenye ukurasa uliotengenezwa ufanane na wa Bodi. Tazama pia ni leseni ya nini. Kubashiri matokeo ya mechi ni leseni moja, kasino ya mtandaoni ni nyingine, na kampuni inaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili. Wengine hutulizwa na anwani inayoishia na .co.tz, lakini huo ni usajili wa jina la tovuti tu, hauhusiani na ruhusa ya kuendesha kamari.

Tovuti nyingi zinazopokea wachezaji wa Afrika Mashariki huandika leseni ya Curaçao, kisiwa cha Karibiani, au ya Anjouan, kisiwa cha Komoro hapa jirani. Leseni hizo si lazima ziwe za kughushi. Shida ni kwamba ukidhulumiwa, Bodi ya Tanzania haina meno juu ya kampuni ambayo haikuipa leseni, na wewe huna safari ya kwenda Curaçao kudai shilingi 80,000. Kuna alama moja rahisi ya kukamata: namba zenye herufi JAZ, kama 8048/JAZ au 365/JAZ. Hizo ni za mfumo wa zamani wa Curaçao, ambapo kampuni chache zilikuwa na leseni mama na kuwagawia wengine leseni ndogo. Sheria mpya ya huko ilianza kutumika Desemba 2024 na mfumo ule ukafutwa. Tovuti ambayo bado inajinadi kwa namba ya JAZ inakuonyesha kibandiko cha zamani.

Njia ya pesa nayo inasema mengi. Kampuni yenye leseni hupokea kwa namba ya kampuni, na jina la biashara au la wakala wao wa malipo hutokea kwenye simu kabla hujathibitisha. Likitokea jina la mtu binafsi, ghairi. Ukiambiwa utume kwa "wakala" aliye Telegram, au ulipe kwa sarafu za kidijitali pekee, ghairi pia, kwa sababu muamala wa namna hiyo ni vigumu sana kurudishwa. Na ukishinda ukaambiwa utume kodi kwanza ndipo ushindi ufunguliwe, huo ni utapeli mtupu. Kodi ya ushindi hukatwa na kampuni ndani ya ushindi wenyewe. Hakuna mchezaji anayeitanguliza kutoka mfukoni.

Programu za kupakua nje ya duka rasmi la simu zina hatari ya aina yake. Faili la APK, yaani la kusakinisha programu kwenye simu ya Android, linalosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp linaweza kuwa na nembo halisi ya kasino ilhali ndani limebadilishwa. Linapoomba ruhusa ya kusoma meseji zako, kataa na ulifute: meseji ndiko zinakoingia namba za uthibitisho za benki na za simu. Kucheza kupitia kivinjari cha kawaida hakukupunguzii chochote.

Ukisharidhika na hayo, fanya jaribio la kutoa kabla ya jambo lolote kubwa. Jisajili kwa jina lililo kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye laini ya simu, herufi kwa herufi. Laini iliyosajiliwa kwa jina la ndugu ni sababu ya kawaida ya malipo kukwama, na hapo kasino haina kosa. Kamilisha uhakiki wa kitambulisho siku hiyo hiyo, usisubiri ushinde. Kataa bonasi ya kukaribisha. Mara nyingi kuna kisanduku kidogo kimewekwa tiki tayari, kiondoe. Weka kiasi kidogo, mathalani 2,000, kizungushe mara moja kwa madau madogo, kisha omba kutoa kilichobaki. Kampuni nyingi hudai pesa uliyoweka ichezwe angalau mara moja kabla ya kutoka, kwa hoja ya kuzuia utakatishaji wa fedha, na hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni ombi kukaa "linashughulikiwa" siku nzima huku huduma kwa wateja wakikusihi ughairi na uendelee kucheza. Kwa malipo ya simu, jibu linapaswa kuja ndani ya dakika au saa chache. Angalia pia kima cha chini cha kutoa: ukiruhusiwa kuweka 500 lakini kutoa kunaanzia 20,000, umeshaelewa nia yao.

Sasa bonasi. Hapa ndipo watu wengi huumia bila kuibiwa na mtu, maana kila kitu kiliandikwa kwenye masharti. Chukua bonasi ya 10,000 yenye sharti la kuzungushwa mara 35. Maana yake ni kuweka madau ya jumla ya 350,000 kabla ya kutoa. Ukiyachezea kwenye sloti (mchezo wa mashine ya kuzungusha picha) inayorudisha asilimia 96, kwa wastani kasino inabaki na asilimia 4 ya kila kinachozungushwa, yaani 14,000. Umepewa 10,000 ili upoteze 14,000. Sharti likihesabu bonasi pamoja na pesa uliyoweka, tuseme 10,000 nyingine, mzunguko unafika 700,000 na hasara ya wastani 28,000. Ongeza hapo muda wa mwisho wa siku saba, michezo ya mezani inayohesabiwa asilimia 10 tu au isiyohesabiwa kabisa, na kifungu cha dau la juu kabisa wakati bonasi inaendelea. Ukivuka dau hilo mara moja tu, wana haki ya kufuta ushindi wote. Ushauri wangu ni kuikataa bonasi yoyote ambayo hujapiga hesabu yake kwenye karatasi. Ukiipiga, nyingi utazikataa mwenyewe.

Michezo yenyewe haina bei moja. Ruleti yenye sifuri moja ina vyumba 37 na faida ya kasino ni asilimia 2.7, yenye sifuri mbili ina 38 na faida inapanda hadi 5.26, karibu mara mbili, kwa chumba kimoja tu cha ziada. Kwenye sloti kuna jambo ambalo hata wachezaji wa muda mrefu hawalijui: mchezo ule ule, wenye picha zile zile, hutengenezwa kwa viwango tofauti vya malipo na kasino huchagua kimoja. Book of Dead ya Play'n GO, kwa mfano, ipo ya asilimia 96.21, ipo ya 94.25, na zipo za chini zaidi hadi 84.18. Kiwango hicho, kinachoandikwa RTP, usikisome kwenye tovuti za wasifiaji. Fungua mchezo ndani ya kasino unayochezea, bonyeza alama ya maelezo, shuka hadi mwisho, usome namba iliyopo pale. Isipoonyeshwa popote, hama.

Halafu kuna kindege, mchezo ambao kizidishio cha dau lako kinapanda na unatakiwa utoe kabla kindege hakijaanguka. Aviator ya kampuni ya Spribe hurudisha asilimia 97 kwa wastani, na hesabu yake ni nyepesi: uwezekano wa kufika kizidishio fulani ni 0.97 gawanya kwa kizidishio hicho. Kufika mara 1.5 ni asilimia 64.7. Kufika mara 2 ni 48.5. Kufika mara 10 ni 9.7. Raundi iliyopita haibadilishi inayofuata, hata kama kindege kimeanguka chini ya 1.20 mara tano mfululizo.

Programu za "kutabiri" kindege zinazouzwa Telegram haziwezi kufanya kazi, na sababu ni ya kiufundi. Matokeo ya kila raundi hutokana na msimbo wa siri wa seva, ambao muhuri wake (alama ya kuthibitisha kuwa haukubadilishwa) hutolewa kabla ya raundi, ukachanganywa na misimbo ya wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau. Kabla hao watatu hawajaweka, matokeo hayajakuwepo hata ndani ya seva. Anayekuuzia "signal" kwa 20,000 anaishi kwa hizo 20,000. Angekuwa anajua kindege kinaanguka wapi asingekuhitaji.

Mbinu nyingine inayopendwa ni kuongeza dau mara mbili kila unapopoteza, ukitoa kwenye 2. Tuihesabu. Unaanza na 500. Ukipoteza mara kumi mfululizo umeshatumia 511,500, na dau la kumi na moja ni 512,000, ambalo huna au kasino hailipokei. Je, kupoteza kumi mfululizo ni jambo la nadra? Kwa asilimia 48.5 ya kushinda, hutokea kwa wastani kila baada ya raundi 1,570 hivi. Raundi mbili kwa dakika, hiyo ni takriban saa 13 za kucheza. Mtu anayecheza saa mbili kila jioni anafika huko ndani ya wiki. Kabla ya siku hiyo atakuwa ameshinda 500 mara 761 hivi kwa wastani, jumla 380,500. Kisha 511,500 zinaondoka mara moja. Ndiyo maana wanaoitumia mbinu hii huisifu sana siku za kwanza.

Kwa bajeti, kinachotakiwa kuhesabiwa ni bei ya saa moja. Zidisha dau lako kwa idadi ya raundi kwa saa, kisha kwa faida ya kasino. Dau la 500 kwenye kindege, raundi 120, ni 60,000 zinazozungushwa na 1,800 zinazoondoka kwa wastani. Sloti ya dau la 200 inayozungushwa mara 600 kwa saa ni 120,000, na kwa asilimia 4 ni 4,800. Dau dogo, gharama kubwa zaidi, kwa sababu ya kasi. Zima mzunguko wa kujiendesha, hapo pekee umeshapunguza bei. Kikomo cha kuweka kwa siku na kwa wiki kiwekwe kwenye akaunti kabla ya dau la kwanza, kwa sababu kukipandisha baadaye kwenye kampuni makini huchukua saa kadhaa au siku, na ucheleweshaji huo ndio unaokusaidia. Pesa ya kodi ya nyumba na ada za watoto isikae kwenye laini unayochezea. Na usicheze kwa Songesha wala kwa Fuliza. Mkopo una makato yake juu ya makato ya kasino, hata ukishinda unakuwa umeanzia nyuma.

Kuna kipimo cha tatizo la kamari kinachotumika duniani kote, PGSI, kilichotengenezwa Kanada mwaka 2001. Kina maswali tisa kuhusu miezi 12 iliyopita: umecheza zaidi ya uwezo wako, umehitaji madau makubwa zaidi upate msisimko ule ule, umerudi siku nyingine kufukuzia ulichopoteza, umekopa au kuuza kitu, watu wamekulaumu, familia imeyumba kifedha, afya imeathirika, ikiwemo msongo au wasiwasi, umejiona una hatia, umehisi una tatizo. Kila swali lina 0 kwa "kamwe" hadi 3 kwa "karibu kila mara". Jumla ya 3 hadi 7 ni hatari ya wastani. Kuanzia 8 ni tatizo la kamari, na hapo kupunguza dau hakutoshi.

Ukifika hapo, omba kufungiwa akaunti, lakini kwa mpangilio. Toa salio lote kwanza. Kisha andika kwa barua pepe, si kwa simu, ukitaja jina kamili, namba ya simu ya akaunti na muda unaotaka, miezi sita au moja kwa moja, ukidai pia uondolewe kwenye meseji za matangazo. Hifadhi jibu lao; wakikufungulia kabla ya muda au wakaendelea kukutumia ofa, hilo ndilo utakalowapelekea Bodi pamoja na namba za miamala. Kufungiwa kasino moja hakukuzuii kwenda ya pili, kwa hiyo weka programu ya BetBlocker, ambayo ni bure na hufunga maelfu ya tovuti za kamari kwa muda unaouchagua. Chagua muda mrefu tangu mwanzo, maana ndani ya muda huo hutaweza kuuondoa kirahisi, na uiweke kwenye kila simu iliyopo nyumbani, ikiwemo ile ya zamani iliyo kabatini.