Ndege wa Hori ya Mida

Novemba iliyopita tuliwapeleka watoto, pamoja na mama mkwe wangu, kwenye Hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu karibu na Watamu, pwani ya Kenya. Tulifika maji yakianza kujaa, na kwangu hiyo ndiyo saa bora, kwa sababu yanapokuwa yamekupwa kabisa ndege hutawanyika mbali matopeni, ilhali yanapopanda huwasukuma wakasogea karibu na watazamaji.

Tulipita juu ya daraja la mbao lililoning'inia katikati ya mikoko. Chini yetu kaa madume walikuwa wakipunga gando lao moja kubwa, na kitinda mimba wetu akakataa kuondoka.

Niliyemfuata hasa ni yule ndege mlakaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene. Yeye huzaliana kwenye fukwe za Omani, Ghuba na Somalia, ambako hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo alilochimba mchangani, na joto la ardhi husaidia kuliatamia. Ajabu kubwa zaidi ni kwamba wazazi huendelea kumlisha kinda wao hata baada ya kuhamia kwetu. Tulimwona mmoja akimpigapiga kaa hadi magando yakang'oka, kisha akampa kinda wa kijivu aliyekuwa akimfuata huku akilia. Mama mkwe akasema, "Safari yote hiyo, na bado anadeka!"

Anayetaka kuwaona aende kati ya Septemba na Machi, na aulize kwanza saa za maji.