Silingi ilivunjwa na mguu wangu sio uzee

Mwaka juzi tulipata msiba Tanga, baba mkubwa alifariki, usiku huohuo nikapanda darini kushusha begi la safari. Nyumba yetu hapa Leicester, Uingereza, ni zile za zamani za matofali mekundu zilizoungana mtaa mzima, silingi yake sio gypsum bodi ni fito nyembamba zimepigiliwa na kupakwa plasta, na darini hakuna sakafu, unatembea juu ya boriti moja hadi nyingine. Begi lilinasa, nikalivuta, likaachia ghafla, mguu wa kulia ukateleza ukatoboa silingi mpaka pajani. Mke wangu alikuwa chini anakunja nguo, plasta yote ikamwagika kitandani pale ambapo mtoto hulala mchana. Mungu alimuepusha.

Sasa sisi bima ya nyumba tunayo, na tuliongeza kabisa kile kipengele cha uharibifu wa bahati mbaya, kinalipiwa pembeni. Mguu kutoboa silingi ukiwa darini ni mfano ambao watu wa bima wa Uingereza wenyewe hupenda kuutoa wakielezea hicho kipengele! Nikaripoti, akaja mkaguzi, akakaa kama dakika kumi, picha chache, akaondoka. Wiki mbili baadae barua ikaja, klemu yangu, yaani madai ya kulipwa, imekataliwa, silingi ilikuwa imechakaa na uchakavu haulipwi.

Iliniuma jamani. Fundi alishataka pauni 1,180 na mimi nimetoka kuzika, lakini kilichoniuma zaidi ni kuambiwa kama vile nimedanganya. Ni kweli silingi ni ya zamani, nyumba yenyewe imepita miaka 100, ila hiyo silingi ilikuwa imekaa pale haina hata ufa na ingeendelea kukaa kama nisingeikanyaga. Kitu kuwa kizee na kitu kuvunjwa na uzee ni mambo mawili tofauti na hapo ndipo wanapowashinda watu wengi, mtu anasoma neno uchakavu anaona basi, ananyamaza.

Dada mmoja ninayesali naye, yeye anafanya kazi za nyumba za kupanga, ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia kaka usiwapigie simu, andika. Kuonyesha kwamba ajali imetokea ni kazi yako, ila wao wakisema uchakavu basi ni juu yao kuthibitisha kwamba ni uchakavu. Akaniambia pia omba ripoti ya mkaguzi, ni haki yako kupewa taarifa zako na wana mwezi mmoja wa kukupa. Nikaomba. Ripoti ilipokuja nikaisoma mara tatu, yule mkaguzi mwenyewe kaandika hakuna unyevu, hakuna dalili ya silingi kushuka, halafu mwisho kabisa ndio kaweka neno uchakavu bila sababu yoyote.

Na kitu kingine, vipande nilikuwa sijatupa. Ufito uliooza ukiuvunja ndani ni mweusi na unasagika kama unga, wa kwangu nje ulikuwa umepiga weusi wa miaka ila palipovunjika ni mweupe msafi na ncha zake zinachoma. Nikaupiga picha karibu kabisa na rula pembeni, nikaambatanisha na malalamiko.

Kampuni ina wiki 8 za kukujibu malalamiko, wakajibu ya sita, msimamo wao uleule. Kutoka siku ya hiyo barua ya mwisho unakuwa na miezi 6 kupeleka kesi kwa Financial Ombudsman Service, ofisi huru inayoamua migogoro ya wateja na kampuni za fedha na bima, bure kabisa, huhitaji wakili, nikapeleka wiki ileile. Wasije wakakutisha, ukikubali uamuzi wa mwisho wa ombudsmani kampuni inafungwa nao, usipoukubali bado unaweza kwenda mahakamani.

Kwangu haikufika hata kwa ombudsmani mwenyewe. Mchunguzi wa ofisi hiyo alinipigia akaniuliza maswali yote ambayo mkaguzi hakuniuliza, nilikanyaga wapi, begi lilikuwa na uzito gani, akaziangalia picha, akawaandikia kampuni kwamba kilichovunja silingi ni mguu. Wakakubali. Walilipa hela ya fundi wakakata eksesi yangu ya pauni 250, ile sehemu ya klemu ambayo mteja hujilipia mwenyewe, wakaongeza pauni 150 kwa usumbufu.

Darini nimeshaweka mbao za kukanyagia. Ule ufito uko kwenye droo pamoja na barua zao mbili, ya kukataa na ya kulipa.