Nilivyoandaa ukaguzi wa laina ya bwawa la topesumu nikiwa Dar es Salaam

Topesumu ni tope lenye kemikali linalobaki mgodini baada ya kuchenjua madini. Laina ya bwawa lake ikishafunikwa na tope, hakuna jicho litakaloiona tena. Plastiki nyeusi yenye unene wa milimita 1.5, iliyotandikwa juu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, ndiyo inayozuia maji yenye sianidi yasifike kwenye visima vya watu. Mkaguzi anayefika ujenzi ukiwa umekwisha anaona eneo jeusi linalong'aa juani, basi. Hali ya mishono ataisoma kwenye karatasi, na karatasi za mgodi ninaousimulia, ulioko Kanda ya Ziwa, zilikuwa mezani kwangu Mikocheni.

Kampuni yetu ilipewa kazi ya kusimamia ubora wa ujenzi, na mkandarasi mwingine ndiye aliyekuwa akitandika laina. Wenzangu walikuwa saiti. Mimi nilibaki Dar es Salaam kupokea kumbukumbu, vipande vya laina na sampuli za maji, kuvifikisha maabara, na kutengeneza jalada ambalo wakaguzi wa serikali wangelipitia kabla bwawa halijaruhusiwa kujazwa. Wapo wanaoiona hii kuwa kazi ya ukarani tu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka 2019 NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, iliutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliohusishwa na bwawa lake la topesumu, na tangu nisome habari ile sijawahi kuifungua fomu ya mshono kama karatasi ya kawaida.

Kwanza nilibandika ukutani ramani ya laina yote. Kila shuka lina namba yake, na kila mshono unaitwa kwa namba za mashuka mawili unayoyaunganisha. Kwa kila mshono nilitaka nijue fundi aliyechomelea, mashine aliyotumia, saa, joto la mashine na matokeo ya kipimo cha hewa. Mashine huchomelea mistari miwili sambamba na kuacha mfereji mwembamba katikati. Unaziba ncha zote mbili, unajaza hewa, kisha unaangalia geji ya mgandamizo wa hewa kwa dakika 5. Mwisho unakata ncha ya mbali. Hewa lazima itoke pale. Isipotoka, mfereji umeziba mahali fulani na ulichopima ni sehemu tu ya mshono. Hatua hiyo ndiyo mafundi waliochoka huiruka, kwa hiyo niliomba picha ya geji baada ya ncha kukatwa, kila mshono, bila kusamehe hata mmoja. Simu yangu ilijaa picha za geji.

Kipimo cha hewa kinaonyesha kama mshono unavuja. Uimara wake ni habari nyingine. Ndiyo maana kila baada ya takriban mita 150 za mshono hukatwa kipande, kinagawanywa mara tatu: kimoja cha mkandarasi, kimoja cha maabara, kimoja kinahifadhiwa. Vya maabara vilikuja kwa basi, nami nilivipokea Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Pale maabara kipande hukatwa vijiti 10 vyenye upana wa milimita 25. Vitano vinavutwa, vitano vinabanduliwa. Mshono imara hauachii: plastiki yenyewe inanyooka mpaka ikatike pembeni. Kipande kimoja kilipobanduliwa kilifunguka kama ganda la ndizi.

Nilimpigia simu msimamizi wa mafundi, mtu mzima aliyefanya kazi hii miaka mingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Najua unachopigia. Lakini asubuhi ile tulichomelea kipande cha majaribio na kikapita, angalia fomu."

Alisema kweli. Fomu ilikuwepo, ya saa moja asubuhi, na matokeo yalikuwa mazuri. Ila mshono ulioshindwa ulichomelewa saa tisa alasiri. Nikaomba wanitumie daftari la jenereta, ambalo kwa kawaida hakuna mtu wa ubora anayelisoma, kwa sababu huandikwa kwa ajili ya hesabu za dizeli. Humo nikaona jenereta ilizimika saa saba kasoro mchana na kuwashwa tena saa nane na nusu. Mashine ikizimwa muda wote huo inapoa, na kabla ya kurudi kwenye laina inapaswa kuchomelea kipande kingine cha majaribio. Fomu ya mchana haikuwepo. Mzee aliponyamaza upande wa pili wa simu nilijua tumeelewana.

Mkandarasi alitaka kukata vipande vingine mita 3 kila upande wa pale paliposhindwa, aweke kiraka, yaishe. Hivyo ndivyo hufanywa kosa likiwa la mahali pamoja. Hili lilikuwa la mashine na la alasiri nzima. Niliorodhesha mishono yote iliyochomelewa na mashine ile baada ya saa nane na nusu, nikaituma pamoja na ukurasa wa daftari la jenereta. "Dada, unatuchelewesha, mvua zinakuja," aliniambia meneja wao. Nilimjibu kwamba mvua ndiyo sababu yenyewe. Wakakata. Mishono mingine miwili ikaonekana dhaifu, nayo ikafunikwa kwa mkanda mpya wa laina kwa urefu wake wote, kisha ikapimwa kwa maji ya sabuni na kisanduku cha kunyonya hewa, ambacho hutoa povu penye tundu.

Maji yalinisumbua kwa namna tofauti. Bomba la kisima cha ufuatiliaji, kile kinachochimbwa karibu na bwawa ili kupima maji ya ardhini, lenye kipenyo cha milimita 50 hubeba karibu lita 2 kwa kila mita. Maji yakiwa na kina cha mita 20, unazungumzia lita 40, na unatakiwa kutoa ujazo huo mara tatu, yaani lita 120, ndipo uchukue sampuli. Maji yaliyolala bombani hayakuambii kitu kuhusu ardhi. Kwa mkono hiyo ni kazi ya jasho. Niliomba saa ya kuanza na kumaliza, pamoja na vipimo vya pH, yaani kiwango cha asidi, mpaka vitulie. Chupa nilizifunga utepe wa rangi kabla ya kuzituma: nyekundu ya sianidi, inayotiwa sodiamu haidroksaidi mpaka pH ipite 12; buluu ya metali, inayochujwa na kutiwa asidi ya nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2. Asidi ikiingia kwenye chupa ya sianidi hutoa gesi ya sumu, na sampuli imepotea.

Sampuli zilikuja kwa ndege kutoka Mwanza, na barafu ya huko hufika Dar es Salaam imeshakuwa maji. Naishi Kigamboni, kwa hiyo nikishuka kwenye pantoni nilipitia Feri, nikanunua barafu kwa wauza samaki, nikaifunga ndani ya mifuko miwili miwili isigusane na chupa, kisha bajaji mpaka uwanja wa ndege.

Safari moja chupa ya utepe mwekundu ilifika na namba isiyolingana na fomu. Mtu wa mgodi akanipigia: "Dada yangu, hiyo ni kalamu tu imeteleza, wewe irekebishe." Sikuirekebisha. Niliandika "imekataliwa", nikaomba kisima kile kichukuliwe upya mbele ya afisa wa bonde la maji. Kilikuwa kisima kilicho upande wa chini wa bwawa, kule maji ya ardhini yanakoelekea, na zaidi ya hapo ni kijiji. Namba ya kisima hicho huwezi kuikisia.

Wakaguzi walianzia ofisini kwetu. Hawakusoma jalada kwa mpangilio wangu, mmoja alienda ukutani, akaweka kidole kwenye mshono aliouchagua mwenyewe, akasema, "Huu." Nikampa fomu yake, picha ya geji, jina la fundi na kipande kilichohifadhiwa. Akachagua mwingine, na mwingine, ukiwemo mmoja wa ile alasiri. Kule mgodini walichukua sampuli zao wenyewe sambamba na zetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inawapa mamlaka hayo. Majibu ya pande mbili yalikaribiana.

Kibali kilitoka na masharti. Nililolipigania kwenye taarifa ni kwamba kisima kifupi cha kijiji kiingie kwenye ratiba ya sampuli kabla tope halijaanza kumwagwa, ili baadaye mtu akiuliza maji yale yalikuwaje, jibu liwepo. Sharti hilo lilikubaliwa. Chupa za kwanza za kisima hicho nilizifunga tepe mwenyewe.