Amboni, na chupa ya marashi

Mama mkubwa ndiye aliyetaka twende. Mimi nilikuwa nimefika Tanga kumsalimia tu, nikae siku mbili nirudi Dar. Jumamosi asubuhi nikamkuta amekwisha kuvaa, mkoba begani. "Mwanangu, leo nipeleke Amboni. Magoti bado yananikubalia."

Mapango ya Amboni si mbali, kama kilomita 8 kaskazini ya mji kwa barabara ya Horohoro, kisha unaacha lami na kushika njia ya Kiomoni. Tulipanda bajaji. Kwenye mashimo dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa, kwa kuwa alijua amembeba mtu mzima.

Kijana aliyetuongoza alimwamkia mama mkubwa shikamoo, akampa kurunzi nzuri kuliko yangu. Mapango yako 10, alisema, ila wageni huingizwa katika moja tu. Tukainama, tukaingia. Jua likabaki nyuma yetu, harufu ya popo ikatupokea.

Ndani kuna vyumba ambavyo paa lake hulioni hata ukimulika, halafu ghafla njia inabana mpaka unapita ubavu. Mwamba wenyewe ni chokaa iliyojengeka chini ya bahari yapata miaka milioni 150 iliyopita, zama za dinosaria. Maji yakautafuna polepole. Na maji hayohayo, yakidondoka tone baada ya tone na kuacha chembe za chokaa kila mara, ndiyo yaliyosimamisha nguzo na kuning'iniza yale mapembe ya mawe darini. Kijana alimulika huku na huku: meli, mamba, kochi, Mlima Kilimanjaro na theluji yake. Mengine niliyaona mara moja. Mamba nilimtafuta sana, mpaka mama mkubwa akaushika mkono wangu na kuuelekeza.

Tulipofika kwenye simulizi ya Osale Otango, mama mkubwa alikaa juu ya jiwe. Miaka ya 1950, Osale na mwenzake Paulo Hamisi walikuwa wakijificha humu, wakitoka kuwavamia walowezi na matajiri, polisi wa mkoloni wakiwasaka. Serikali iliwaita majambazi. Kijana alitusimulia kama watu wanavyosimulia huku, kwamba walichokichukua waliwagawia maskini. Mama mkubwa alikulia kambi ya mkonge, na alisema baba yake alilitaja jina la Osale kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, wala hakuwahi kumwita mwizi. Mimi naliamini zaidi hilo la mlango uliofungwa. Mtu aliyekata mkonge kutwa kwa ujira wa kuhesabu senti alikuwa na sababu zake za kumpenda aliyewanyima usingizi wenye mashamba.

Nikauliza habari ya njia ya Mombasa. Utotoni tuliambiwa pango hili linatokea huko, na kwamba mbwa wa Wazungu waliopotelea humu alikuja kuonekana Kilimanjaro. Kijana akajibu kwa upole kuwa mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki walipima, wakakuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja: ni mita 900. Nilihuzunika kidogo, nakiri. Mama mkubwa hakutikisika. "Walipima pale walipopita wao," alisema.

Karibu na mwisho tukafika penye mzimu. Kampuni ya mkonge ya Amboni iliiarifu serikali kuhusu mapango haya mwaka 1922, mwaka 1937 yakawekwa chini ya hifadhi, na 1963 yakakabidhiwa Idara ya Mambo ya Kale. Lakini watu wa huku walikuwa wakija kuomba kabla ya karatasi zote hizo, na hawajaacha. Chini palikuwa na vitambaa, vifuu, majivu ya ubani, chupa tupu. Nilikuwa nimeshika simu tayari kupiga picha. Nikairudisha mfukoni.

Mama mkubwa alivua viatu, akanipa nishike. Akafungua mkoba, akatoa chupa ndogo ya marashi iliyofungwa kwenye leso. Sikujua kabisa kwamba anayo.

"Mama alikuja hapa kabla sijazaliwa," aliniambia. "Alikuwa amekaa miaka saba kwenye ndoa bila mtoto. Aliahidi kurudi kushukuru, hakuwahi."

Kijana alizima kurunzi yake, akanivuta kando kwa ishara. Tulisimama gizani. Nilisikia tone la maji, kisha jingine, kisha harufu ya waridi ikaanza kuipita ile ya popo. Sikusikia alichosema, na sikujaribu kusikiliza.

Aliporudi alivaa viatu akiniegemea bega. Tukatoka taratibu, kijana mbele, mimi nyuma, yeye katikati. Nje alikunja leso, akaitia mkobani, akauliza kama pale barabarani bado wanauza mihogo ya kuchoma.

Walikuwapo. Alikula miwili.